Kwa nini ng'ombe wa Garsen huchelewa kushika mimba baada ya ukame

UKAME unapopita na mvua kurejea katika nyanda za Tana River, wafugaji hutarajia mambo mawili: nyasi kuota na ng'ombe kushika mimba. La kwanza huja kwa muda wa wiki chache. La pili hukawia, na aghalabu humtia mfugaji wasiwasi, kwani ng'ombe ambaye anakula na kunywa vyema, na ambaye mwili wake umeanza kurudi, bado hamtafuti dume.

Swali hili si dogo kwa jamii za Waorma na Wardei wanaotegemea mifugo katika kaunti hiyo. Kati ya mwaka wa 2020 na mapema mwaka wa 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa hafifu katika maeneo kame ya Kenya, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa nchini. Mwishoni mwa mwaka wa 2023 yakafuata mafuriko ya El Nino, yaliyoikumba Tana River pia. Ng'ombe jike walionusurika ndio mbegu ya kujenga upya mifugo ya familia. Kila mwaka ambao mmoja wao anakaa bila kuzaa ni hasara ya ndama na ya maziwa ya watoto.

Baadhi ya wafugaji humwita ng'ombe wa namna hiyo tasa na kumpeleka sokoni kwa bei ya kutupa. Wengine hutumia pesa walizo nazo kununua sindano za homoni. Hata hivyo, mara nyingi ng'ombe huyo si tasa. Ovari zake zingali hai na mayai yamo. Kilichokatika ni mawasiliano baina ya ubongo, ini, ovari na mfuko wa uzazi. Makala hii inaeleza jinsi mawasiliano hayo yanavyofanya kazi, yanavyokatika, na namna mfugaji anavyoweza kuyasaidia yarudi.

Ghala la mayai

Ng'ombe jike, sawa na mwanamke, huzaliwa akiwa na akiba ya mayai yote atakayotumia maishani. Kila yai limezungukwa na seli chache na kufanya kijifuko kidogo kiitwacho folikuli. Mtamba huzaliwa akiwa na makumi ya maelfu ya folikuli, lakini nyingi hulala usingizi kwa miaka. Kila siku chache huamka, zikaanza kukua, na karibu zote hufa kabla ya kufika mwisho.

Kulala na kuamka huko si kwa bahati nasibu. Ndani ya yai mna mfululizo wa protini zinazopokezana ujumbe, unaojulikana na wanasayansi kama njia ya PI3K na AKT. Njia hii ikiwashwa, yai huamka. Protini nyingine iitwayo PTEN huizima, mithili ya breki. Mwaka wa 2008 watafiti walionyesha kwamba panya walioondolewa PTEN ndani ya mayai yao waliamsha akiba yote kwa mkupuo mmoja, na baada ya muda mfupi wakawa tasa. Funzo ni kwamba uzazi wa kudumu unategemea breki kama unavyotegemea mwendo.

Safari ya folikuli kutoka usingizini hadi kupasua yai huchukua miezi kadhaa. Jambo hili ni muhimu kwa mfugaji wa Garsen. Yai linalotoka leo lilianza kukua wakati wa kiangazi, na huenda lilidhurika wakati huo. Ndiyo maana matokeo ya ukame hubaki katika ovari hata wakati malisho yamekwisha kuwa ya kijani.

Amri kutoka ubongoni

Ovari haijiamulii mambo peke yake. Chini ya ubongo kuna sehemu iitwayo haipothalamasi, ambayo hutoa homoni ya GnRH kwa vipindi, kama mpigo wa ngoma. Muundo wa homoni hiyo ulifumbuliwa mwaka wa 1971, na wanasayansi Roger Guillemin na Andrew Schally walipata tuzo ya Nobel mwaka wa 1977 kwa kazi iliyohusu homoni za ubongo.

GnRH husafiri masafa mafupi hadi kwenye tezi ya pituitari, nayo tezi hiyo hutoa homoni mbili, FSH na LH, ambazo husafiri kwa damu hadi kwenye ovari. Idadi ya mipigo ndiyo yenye maana. Mpigo wa LH ukija karibu kila saa, folikuli kubwa hukomaa. Ukija mara chache kwa siku, folikuli hiyo hukua kidogo kisha hufa.

Nani basi humpigia mpiga ngoma? Mwaka wa 2003 iligunduliwa kwamba watu ambao kipokezi cha homoni ya kispeptini kwao kina kasoro hawabalehe. Tangu hapo imefahamika kuwa seli zinazotoa kispeptini ndizo zinazoamrisha GnRH itoke, katika binadamu na katika mifugo. Seli hizo hukusanya habari za mwili mzima, kama vile akiba ya mafuta, maradhi na kunyonyesha, kabla ya kuruhusu uzazi uendelee.

Hodi mlangoni mwa seli

Homoni ya FSH au LH ifikapo kwenye ovari haiingii ndani ya seli. Ni kama mgeni abishaye hodi akabaki uani, huku wenye nyumba wakipelekeana habari chumba hadi chumba. Mlangoni pana kipokezi kinachomtambua mgeni huyo peke yake. Kipokezi kikiguswa, huamsha protini ya G iliyo upande wa ndani, nayo husababisha kutengenezwa kwa kemikali ndogo iitwayo cAMP.

Kemikali hiyo ndiyo mjumbe wa pili. Huwasha vimeng'enya ambavyo hubadilisha utendaji wa seli na hatimaye kufungua jeni zinazohitajika. Earl Sutherland, aliyeigundua cAMP, alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1971.

Kazi ya kutengeneza estrojeni huhitaji aina mbili za seli. Seli za nje za folikuli, ziitwazo theka, huitikia LH na kutengeneza androjeni. Androjeni hiyo huvuka hadi kwa seli za ndani, ziitwazo granulosa, ambazo huitikia FSH na kuigeuza kuwa estrojeni. Upande mmoja ukizembea, estrojeni haipatikani. Bila ya estrojeni ya kutosha, ng'ombe haonyeshi dalili za joto, wala ubongo haupokei ishara ya kutoa LH kwa wingi ili yai litoke.

Katika mzunguko mmoja wa siku 21 hivi, folikuli hukua kwa mawimbi mawili au matatu. Katika kila wimbi moja huzishinda nyingine. Huyo mshindi hutoa estrojeni na homoni ya inhibini zinazopunguza FSH, nazo folikuli ndugu zake hufa kwa kuikosa. Yeye huokoka kwa sababu amekwisha kupata vipokezi vya LH.

Yai nalo husema

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba yai hukaa kimya likilishwa na seli zinazolizunguka. Sivyo. Yai hutoa protini zake, zikiwemo GDF9 na BMP15, zinazoziamuru seli za granulosa zikue na zifanye kazi gani.

Ushahidi ulio wazi ulitoka kwa kondoo wa New Zealand wa ukoo uitwao Inverdale. Mwaka wa 2000 ilibainika kwamba kondoo jike mwenye nakala moja yenye kasoro ya jeni ya BMP15 huzaa mapacha mara nyingi zaidi, ilhali mwenye nakala mbili zenye kasoro huwa tasa kabisa. Protini ile ile ikipungua kidogo huongeza uzazi, ikikosekana huufuta.

Seli za granulosa nazo hulizuia yai lisikomae kabla ya wakati wake. Hulipelekea kemikali ya cGMP kupitia vijitundu vinavyoziunganisha nalo. LH inapofurika, vijitundu hufungwa, cGMP hupungua, na yai huendelea na hatua za kukomaa. Katika ng'ombe, yai hutoka takriban saa 10 hadi 12 baada ya joto kwisha.

Mwili wa manjano

Baada ya yai kutoka, folikuli iliyopasuka hugeuka kuwa tezi ya muda iitwayo mwili wa manjano. Tezi hii hutoa projesteroni, homoni inayotayarisha mfuko wa uzazi na kuzuia joto jingine.

Mfuko wa uzazi usipopata ujumbe wa mimba, hutoa prostaglandini ambayo huua mwili wa manjano, na mzunguko huanza upya. Mimba ikiwapo, kiinitete hutoa protini iitwayo intaferoni tau kuanzia siku ya 16 hivi, nayo huzuia prostaglandini isitoke. Kiinitete dhaifu kinachochelewa kutoa ujumbe huo hupotea, na mfugaji huona tu kwamba ng'ombe amerudia joto.

Njaa inavyozima ngoma

Sasa turejee kwenye kiangazi. Mwili wenye njaa huchagua: kwanza kuishi, kisha kuzaa. Habari za njaa hufika katika mfumo wa uzazi kwa njia angalau tatu.

Ya kwanza ni leptini, homoni inayotolewa na mafuta ya mwili, ambayo jeni yake iligunduliwa mwaka wa 1994. Mafuta yakiisha, leptini hushuka, na seli za kispeptini hupunguza kasi. Mipigo ya GnRH na LH hupungua, na folikuli kubwa hufa wimbi baada ya wimbi bila kutoa yai.

Ya pili ni insulini, inayoshuka kadiri chakula kinavyopungua. Ya tatu ni homoni ya IGF-1, ambayo kwa kawaida hutengenezwa na ini. Ng'ombe aliyekonda ini lake hutoa IGF-1 kidogo. Insulini na IGF-1 hupita njia ile ile ya PI3K na AKT ndani ya seli za folikuli, na huziongezea usikivu wa kuitikia FSH na LH. Zikikosekana, mgeni hubisha hodi lakini wenye nyumba hawaamki. Hapa ndipo sindano za homoni huambulia patupu kwa ng'ombe aliyekonda.

Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Kwa mfugaji, nundu hiyo pia ni daftari la kusoma akiba ya mwili. Nundu ikilala, mbavu zikihesabika na uti wa mgongo ukichongoka, ubongo wa ng'ombe umekwisha kupata taarifa hiyo hiyo kwa njia ya homoni.

Kunyonyesha huongeza uzito wa jambo. Ndama anayemfuata mama kutwa na kunyonya mara kwa mara huufanya ubongo wa mama uzuie mipigo ya LH. Ng'ombe mnene hulishinda zuio hilo baada ya wiki kadhaa. Aliyekonda anaweza kubaki kimya mpaka ndama aachishwe.

Mbung'o na ovari

Tana River ina adui mwingine. Vichaka vya ukanda wa mto na delta ni maskani ya mbung'o, waenezao vijidudu vya tripanosoma. Waorma huuita ugonjwa huo gandi. Wengi huujua kwa kukonda, homa na upungufu wa damu, lakini dhara lake kwa uzazi halizungumzwi sana.

Uchunguzi wa miaka ya 1980 juu ya ng'ombe wa Boran walioambukizwa kijidudu cha Trypanosoma congolense ulionyesha kwamba maambukizi huvuruga mzunguko wa joto na kazi ya ovari. Homa na uvimbe wa muda mrefu huongeza homoni za dhiki na kemikali za kinga, ambazo huvuruga amri za haipothalamasi na pituitari na kudhoofisha ovari yenyewe. Ng'ombe mwenye mimba anaweza kuiharibu. Dume naye huathirika, kwani mbegu zake hupungua ubora.

Katika jambo hili wafugaji wa Tana River wana hazina. Utafiti uliofanywa katika ranchi ya Galana miaka ya 1980 uliwalinganisha Boran wa Orma na Boran walioboreshwa. Boran wa Orma walipata maambukizi machache zaidi, na walipoambukizwa walistahimili upungufu wa damu vizuri zaidi. Ng'ombe asiyezama katika homa na upungufu wa damu ana nafasi bora ya kuendelea na mzunguko wake wa uzazi. Anayefikiria kuingiza aina za kigeni kwa ajili ya maziwa au nyama, hapana budi apime faida hiyo dhidi ya ustahimilivu atakaoupoteza.

Malisho ya delta nayo ni sehemu ya hadithi. Wakati wa kiangazi, nyasi za delta ya Tana, iliyoorodheshwa mwaka wa 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, ndizo huokoa mifugo. Ni nyasi na maji hayo hayo yanayogombewa na wafugaji na wakulima Wapokomo, na mapigano ya mwaka wa 2012 na 2013 yaliua watu wengi. Makubaliano ya amani juu ya njia za mifugo kwenda mtoni yanamfaa ng'ombe kuzaa kama yanavyomfaa mwanadamu kuishi.

Binadamu pia

Mfumo huu haumhusu ng'ombe peke yake. Mwanamke anayepungua uzito sana kwa njaa, maradhi au kazi nzito anaweza kukosa hedhi kwa sababu hizo hizo. Wakati wa njaa kuu ya Uholanzi ya mwaka wa 1944 hadi 1945, idadi ya watoto waliozaliwa ilishuka vibaya miezi tisa baadaye, kisha ikapanda chakula kiliporejea. Mwaka wa 2004 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wanawake waliokosa hedhi kwa namna hiyo walianza tena kutoa mayai walipopewa leptini.

Kwa hiyo si haki kumlaumu mwanamke au kumwita tasa kabla ya uchunguzi wa kitabibu. Visababishi ni vingi, na vingine viko upande wa mwanamume. Mume na mke hufaa waende hospitalini pamoja.

La kufanya

Mfugaji ambaye ng'ombe wake hashiki mimba anaweza kufuata mpangilio ufuatao, akishirikiana na daktari wa mifugo.

Kwanza, atazame hali ya mwili. Katika kipimo cha 1 hadi 5, ambapo 1 ni mifupa mitupu na 5 ni unono wa kupita kiasi, ng'ombe anayekaribia kuzaa afaa awe karibu na 3. Aliye chini ya 2 anahitaji chakula na madini kabla ya dawa yoyote ya uzazi. Nyasi zilizokatwa na kuhifadhiwa wakati wa neema zipewe kwanza ng'ombe wenye mimba kubwa na wanaonyonyesha.

Pili, damu ipimwe. Maambukizi ya tripanosoma yatibiwe kwa dawa sahihi na kipimo kinacholingana na uzito. Dozi pungufu huzalisha vijidudu sugu. Ng'ombe wanaoharibu mimba wachunguzwe pia ugonjwa wa brusela na homa ya Bonde la Ufa, iliyozuka katika eneo hili mwaka wa 2006 na 2007. Mimba iliyoharibika isishikwe kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe.

Tatu, daktari apapase ovari na mfuko wa uzazi kabla ya sindano. Akikuta mwili wa manjano na hakuna mimba, ng'ombe yumo katika mzunguko, na huenda joto lake halikuonekana. Ng'ombe wenye nundu huwa na joto fupi, mara nyingi la usiku, hivyo inafaa kuwachunguza alfajiri na magharibi. Huyo ndiye anayefaidika na sindano ya prostaglandini. Asiye na mwili wa manjano haitamsaidia. Mwenye mimba itamharibia. Dawa hiyo hupenya ngozi, hivyo wanawake wajawazito na wenye pumu wasiiguse.

Nne, ndama wa ng'ombe aliyekonda anaweza kutengwa na mama na kuruhusiwa kunyonya mara mbili kwa siku, mradi apate maziwa na malisho ya kumtosha.

Tano, dume achunguzwe. Dume mmoja aliyedhoofika huwafanya majike wengi waonekane tasa.

Mwisho ni subira. Kwa kuwa folikuli huchukua miezi kukua, ng'ombe aliyenusurika ukame apewe angalau miezi mitatu ya malisho mazuri na matibabu kabla ya kuhukumiwa. Kumuuza mapema ni kumuuza pamoja na ndama ambao angewazaa, na pamoja na damu ya Boran wa Orma, ambayo pesa za soko haziwezi kuirudisha.